Viti Mbele ya Mlango wa Pembeni

Mwanangu, nakumbuka viti vyeupe vya plastiki nilivyovibeba kwa mikono yangu mwenyewe, na hadi leo nikiona vimebanana ukumbini naanza kuvisogeza. Nimesikia Jumamosi utapokea wageni kwenye harusi ya rafiki yako. Basi keti kidogo, fundi anayekushonea umushanana, vazi lako la sherehe, atasubiri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, tumehamia Kigali kutoka Bukoba, na nilipewa kazi hiyo hiyo katika harusi moja mtaa wa Kimisagara. Kiongozi wetu alikuwa Mama Yvonne, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Kanombe, mtu wa maneno machache. Asubuhi alinionyesha mlango wa pembeni.

"Hapa usiweke kiti," akasema. "Mgeni akikosa pa kukaa atasimama, haiko shida."

Niliitikia "yego", yaani ndiyo, moyoni nikimcheka. Mgeni asimame harusini? Kwetu hiyo ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Kufika saa tisa mchana wageni walikuwa wamezidi. Nikajaza viti kwenye njia ya katikati, kisha nikapanga safu mbele ya mlango ule. Penye upepo mzuri kabisa nikamkalisha mama yangu na fimbo yake, maana miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilijiona hodari.

Mara turubai la wapishi nje likashika moto, moshi ukaingia. Watu wote wakageukia mlango mkubwa walioingilia, wakakwama kwenye viti vyangu. Wengine wakaukimbilia ule wa pembeni, alipokuwa mama. Nilimwona akiinua fimbo, kisha sikumwona tena. Nami nilikuwa upande wa pili, nashindwa kupita. Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku ya kukuzaa wewe.

Mama Yvonne alipanda juu ya meza, akawaagiza wanakwaya wapitishe viti juu kwa juu mpaka mlango wa pembeni ukafunguka. Moto wenyewe wapishi waliuzima kwa mchanga. Mama alitolewa akiwa hai, nyonga imevunjika, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Hakuniuliza hata mara moja ni nani aliyepanga viti vile. Alijua.

Kwa hiyo Jumamosi fika mapema, ufungue kila mlango kwa mkono wako uone unafunguka hadi mwisho. Waonyeshe wageni mlango wa pembeni wangali wametulia, maana mtu akiogopa hukimbilia alikoingilia. Wazee wakae karibu na njia, wasikae ndani ya njia. Viti vikiisha, vimeisha. Shangazi mmoja atanuna na kusema hukulelewa vizuri. Mwache aseme, mimi nitamjibu.

Imana, yaani Mungu, akulinde, mwanangu, na wote utakaowapokea siku hiyo warudi kwao kwa miguu yao.