Aliyekuwa Upande wa Pili wa Waya

Usinicheke. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu ucheke kama bado utaweza. Haya yalinipata mimi mwenyewe pale mjini Baraka, kando ya ziwa, mchana kweupe, jenereta inanguruma, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo iliyotafuta wazazi wa watoto waliopotea watu walipokimbia risasi. Tuliwapiga watoto picha, boti ikazivusha ng'ambo ya ziwa, zikabandikwa kwenye kambi za wakimbizi ili wazazi wazitambue. Siku ninayoisimulia, mmoja alitutia wasiwasi kuliko wote, msichana wa miaka kama mitatu aliyeokotwa ufukweni Lweba. Alikuwa hasemi neno, na jina lake hatukulijua. Picha isiyo na jina, ya mtoto aliyekonda vile, nani angeitambua?

Basi boti inangoja, na picha hazisogei. Zilitakiwa kutoka kompyuta moja kwenda ile yenye printa, humo humo chumbani, lakini zilikwenda mwendo wa kinyonga.

"We fundi!" akafoka Mama Sifa, mkubwa wetu. "Boti itatuacha! Mashini zako ziko na shida gani?"

Nikabadilisha waya. Wapi! Nikazima, nikawasha. Wapi! Ndipo nikatazama kile kisanduku kinachounganisha waya zote. Taa za kompyuta zetu mbili zilipepesa kivivu, ila ya tatu iliwaka kama ina wazimu. Kuna mtu alikuwa anazivuta picha zetu. Nani? Waya wa taa ile ya tatu uliingia chumba cha nyuma kilichoungua kwa bomu, na hakuna aliyejisumbua kuuchomoa.

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nikaufuata waya, nikasukuma mlango.

Mwanamke alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyoungua. Kitenge chake kilichuruzika maji, na nje hakukuwa na mvua. Kwenye kioo kilichopasuka, picha za watoto zilipita moja moja, polepole.

"Mama, unatuchelewesha," nikasema, mkono tayari kwenye waya.

"Usikate, baba. Mi natafuta mutoto wangu. Mutumbwi ilizama, nikamusukuma juu ya ubao. Sikuona kama alifika."

Nikauachia waya. Picha ya msichana wa Lweba ikatokea, ikasimama. Yule mwanamke akaweka kiganja kwenye kioo, akalia kwa sauti ndogo.

"Iko muzima," akasema. "Anaitwa Faida. Bibi yake iko ng'ambo. Andika jina yake."

Nikapepesa macho. Kiti kilikuwa kitupu, sakafu imelowa. Kutoka chumba cha mbele Mama Sifa akapiga kelele kwamba picha zote zimefika kwenye printa. Nikaandika jina lile chini ya picha, na boti ikaondoka nayo.

Bibi alipatikana baadaye, ndiyo. Lakini jioni ile ile nilipita kwenye nyumba ya watoto, nikaita, "Faida!" Yule msichana akageuka. Kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti yake.

"Mama iko wapi?"

Nilijua. Katika watu wote pale, mimi peke yangu nilijua. Mpaka leo, mashine ikichelewa kidogo tu, moyo unanipasuka. Wewe uliye fundi, picha zikikawia bila sababu, ziache zimalize safari yao. Usifuate waya. Ukishajua aliye upande wa pili, yuko mtu atakayekuja kukuuliza.