Sweta Mbili za Disemba

Harufu ya muhogo na maharagwe vikipondwa kwa mwiko hunirudisha kijijini kwetu Marungu hata niwe wapi. Hicho ndicho kimanga, chakula chetu Wataita, na mwaka nilipokuwa na umri wa miaka minane tulikila mchana na jioni, siku za neema. Mvua ilikuwa imetukwepa, na mahindi machache yaliyojikaza yaliliwa na tembo kabla hatujayavuna. Nilikuwa mfupi, mwembamba, magoti makubwa kuliko mapaja, lakini kusema kweli nilikuwa na furaha tele. Nilidhani watoto wote wana magoti ya namna hiyo.

Aliyeniona vingine ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliyeishi Voi mjini na mume mwenye mshahara. Alipotutembelea mwezi wa nane alinishika mkono, akaugeuzageuza kama anayechagua kuku sokoni. "Wifi, mbona huyu mtoto amekonda hivi? Nikirudi Disemba nimpate hivi hivi, naenda na yeye." Baba, ambaye hakuwahi kumbishia dada yake, alikohoa tu. Tangu siku hiyo Mama alinipunguzia chakula kutoka sahani yake, lakini sikuongezeka chochote isipokuwa maswali.

Disemba ikafika, na jua kali hata mbuzi hawakutaka kutoka kivulini. Asubuhi ya ugeni Mama alinipaka mafuta, akanivalisha gauni la kanisani, akaweka sweta juu yake, kisha sweta ya pili juu ya ile. "Usivue. Ukivua, unaenda," aliniambia. Niliogopa sana. Sikutaka soda za Voi wala runinga yake, nilimtaka Mama.

Shangazi alifika na binti yake Wakesho, rika langu, mnono, mashavu yaking'aa. Majirani walimsifu mpaka nikaona wivu. Lakini jamani, naye alikuwa amevaa sweta! Tulitazamana huku jasho likitutiririka. Tulipotumwa nyuma ya jikoni kuosha vikombe, uvumilivu ulimwisha, akaivua. Zipu ya gauni lake jipya ilikuwa imegoma katikati ya mgongo, na Shangazi alikuwa ameshikiza iliyobaki kwa pini. "Mama amesema nisivue, nitachekwa," alinong'ona. Nami nikavua zangu, moja, halafu ya pili. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mama zetu iliishia hapo jikoni, walipokuja kuona tunachekea nini. Mama alianza kulia. Shangazi alinitazama mimi, akazitazama pini, kisha akakaa kwenye kigoda kwa uzito. "Wifi, usilie. Wangu nesi alisema nimpunguzie mikate na soda. Anashinda ndani, maana huko kwetu malori yamejaa barabarani, nitamwachilia aende wapi? Hata mimi naona aibu tu kama wewe." Mficha uchi hazai, wazee walisema, na siku hiyo wawili hao waliacha kuficha. Shangazi aliamua nibaki kwetu na Wakesho akae nasi likizo nzima, unga na maharagwe vitoke kwake. Akavileta kweli. Tulikula tukashiba, tukakimbizana na mbuzi kutwa. Mimi nilinenepa kidogo. Wakesho hakupungua sana, ila alijifunza kupanda mlima bila kupumzika, na alijivuna kwa hilo kupita kiasi.

Leo mimi ndiye ninayeishi Voi kwa mshahara. Mwanangu ana miaka minane, na kliniki wameniambia uzito wake umepita umri wake. Mtoto wa mama jirani anayetufulia nguo, rika lake, amekonda na anamfika begani. Zamani tofauti hiyo ilikuwa mwendo wa safari, kutoka Voi hadi Marungu. Siku hizi iko ndani ya ploti moja. Jumamosi huwapakulia wote wawili mezani kwangu, kisha nawafukuza wakacheze mpira, na huwa nafurahi nikisikia kelele zao.

Majuzi Mama alikuja kututembelea. Mwanangu akanyoosha mkono achukue chapati ya nne, nikamwambia basi. Mama alinitazama, si kwa hasira.

"Mghoi, kumwambia mtoto basi, mimi sijui," alisema. "Sikuwahi kuwa na chakula cha kukwambia hivyo."