Magharibi ya Bugarama

Juzi kwenye simu nilimwona mtawa wa Kibuddha akieleza jina la madhehebu yao, Ardhi Safi, na pua yangu ikajaa harufu ya pumba za mpunga.

Tulikaa Bugarama, nyuma ya kinu cha mpunga. Hospitali ilikuwa imemrudisha Maman nyumbani, na mashine ilinguruma hata tusisikie akikohoa. Mzee mmoja Mchina, fundi wa kile kinu, alikuja kumwona. Akachuchumaa mlangoni, akinong'ona jina moja tena na tena.

"Mzee, unaita nani?" nikamuuliza.

"Mukubwa mumoja wa zamani. Aliapa: muntu akiniita, nitamupokea mu inchi yangu. Kule hakuna ugonjwa, hakuna kilio. Njo maana dini yetu inaitwa Ardhi Safi."

"Iko wapi?"

Akanyoosha kidole. "Magharibi. Kule jua inaingiaka."

Magharibi yetu ilikuwa Kongo, ng'ambo ya mto, ambako Maman alivuka kila siku ya soko na beseni la nyanya! Sasa mbona tulikuwa tumekaa tu? Nikamtikisa.

"Maman, amuka, tuvuke! Ni hapa tu!"

"Kule njo tulikimbia vita, mutoto wangu," alisema, akafumba macho.

Leo najua magharibi ya yule mzee haivukwi kwa miguu. Siku ile niliitafuta jeton ya Maman, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, nikaiweka kiganjani mwake na kumkunja vidole, ili askari wa barrière wasimrudishe.

Jioni baba alijaribu kuifungua ile ngumi, akashindwa. Tulimzika nayo.