Tuta Aliloniachia Baba

Iko siku moja, mwanangu, inayonijia karibu kila asubuhi ukungu unapopanda kutoka bondeni: siku niliyong'oa maharagi ya baba yangu. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Hadi leo nikifumba macho nayaona yale maua madogo meupe yamelala juu ya changarawe, na nyuki mmoja akiyazunguka kana kwamba hajapata habari.

Keti nikueleze. Wala usiwe na haraka. Mimi nilikuwa nayo, na haikuniletea baraka yoyote.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari ya misioni, nikapata kazi ya ukarani Walikale. Mimi, mtoto wa wakulima wa milima ya Ngungu, nikavaa viatu vyeusi, nikapewa nyumba ya manjanja, yaani mabati, yenye sakafu ya simenti. Siku zile karani aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa waliostaarabika alitembelewa nyumbani. Wageni walitazama kama una kitambaa cha meza, kama mnakula kwa uma, kama uani pamefagiliwa. Sisi makarani tuliambiana kwamba maua ni sawa, lakini ukionekana na shamba chini ya dirisha, watasema bado unanuka kijiji. Sijui nani alianza kusema hivyo. Nilimwaga changarawe kuzunguka nyumba yangu yote, nikapaka mawe chokaa.

Mwaka huohuo mama alifariki. Alianguka shambani wakipalilia, baba akiwa nyuma yake kidogo. Baba hakulia. Alimbeba hadi nyumbani, na baada ya mazishi alirudi kumalizia lile tuta walilokuwa wakipalilia, kisha akakaa mlangoni akitazama chini. Nilipomwona hivyo nilijisemea: shamba hili ndilo litakalomuua, kila tuta linamkumbusha mama. Nimtoe hapa, apone. Nikamteremsha Walikale, nikijiona mwana mwema kuliko wana wote wa Masisi, eneo letu la milimani.

Nilimnunulia kiti cha kuegemea. Nilimnunulia viatu. Nilimnunulia hata blanketi zito, ingawa joto la msitu wa Walikale halimwachii mtu hamu ya blanketi.

"Papa, hapa unapumuzika tu," nilimwambia. "Kazi ya jembe imekwisha."

"Nikae nafanya nini?"

"Ukae tu, Papa."

Akakaa.

Ah, mwanangu, mtu anaweza kufifia mbele ya macho yako kama moshi unavyopotea juu ya nyumba. Kila asubuhi aliniuliza, "Huku mvua inatokea upande gani?" Nami, nikifunga kamba za viatu, nilimjibu kwamba sijui. Chakula alikigusa tu. Muuguzi wa dispensari alimpima, hakuona ugonjwa, akampa vidonge ili tusirudi mikono mitupu. Baba aliweka miguu yake juu ya ile simenti baridi na kuitazama kama miguu ya mtu mwingine.

Halafu, kwa muda, mambo yakabadilika. Alianza kuamka kabla yangu. Alimaliza sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na kuomba bugali zaidi. Siku moja alicheka kabisa, akimwonyesha kidole jogoo wa jirani: "Kuku ya huku haina adabu. Angalia inavyotembea, kama kapita anasimamia batu ya kazi!" Nilifurahi, nikadhani ni vidonge.

Kumbe nyuma ya jiko alikuwa ameondoa changarawe kwa kisu, akalegeza udongo kwa vidole, akapanda maharagi aliyokuja nayo mfukoni kutoka Ngungu. Kila asubuhi hapo ndipo alipokuwa: amechuchumaa pale, mikono ndani ya udongo, akiimba polepole wimbo wa kanisani ambao mama aliupenda. Niliwahi kumkuta, nikapita. Sikuunganisha mambo. Macho yangu yalikuwa yamesoma sana na hayakuona kitu.

Ndipo tukaambiwa wageni watakuja. Mchana ule baba alikuwa amesinzia kitini. Nikaenda nyuma ya jiko, nikang'oa. Yalitoka kirahisi, mwanangu, kwa kuwa udongo ule aliulainisha vizuri. Nilipoinua kichwa, nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Papa, wageni wanakuya," nikasema. "Nitakununulia maharagi ku soko, hata gunia muzima."

Aliinama, akaokota shina moja, akalitikisa udongo kwenye mizizi, kisha akalilaza chini taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyelala. Akarudi kitini. Tangu saa ile hakusema tena.

Wageni walikuja, wakasifu kitambaa cha meza. Wakasema baba yangu ni mzee mtulivu sana.

Wiki zikapita, na baba akawa mwepesi; nilipomwinua kumpeleka kitandani, nilihisi mifupa tu. Nilianza kuogopa. Katika hali hiyo ndipo alipofika shangazi Sifa, dada yake baba, ameteremka na wachuuzi wa viazi, kitunga mgongoni. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, akazunguka nyumba, akaona changarawe, akarudi na kusimama mbele yangu.

"Bahati, njo namna hii unamutunza kaka yangu? Umemuweka ku kiti kama nguo inangoya kukauka."

"Shangazi, anaugua huzuni. Nilitaka asione tena ile shamba."

"Hata mugeni, siku ya tatu anapewa jembe. Papa yako wewe ulimupa nini? Viatu?" Akaitazama miguu ya baba, akacheka bila furaha. "Hata ngombe haivae viatu, na iko na kwato nne."

"Lakini mama alifia kule..."

"Alifia kule, njo maana. Mwanaume hajalia bado! Atalilia wapi, hapa? Machozi inatafuta fasi ya kuingia, mutoto wangu. Simenti hainywe machozi."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule. Sijakutana na neno lililonipiga kama lile.

Nikakubali kumrudisha baba Ngungu. Lori likatuchukua sote watatu hadi Itebero, na kutoka hapo tukaingia njia ya miguu ya kupanda. Mwanangu, safari ile bado naiota. Msitu ulitufunika kama paa, na mwanga ulidondoka humo kwa matone. Maji yalisikika kila upande bila kuonekana. Baba aliegemea bega langu, shangazi mbele akiimba, akinyamaza, akiimba. Tulilala kwa watu waliotupatia ndizi za kuchoma bila kutuuliza majina. Kila tulipopanda, hewa ilizidi kuwa baridi, na miti ikapungua, ikaachia nyasi. Nami niliona kitu ambacho sikuthubutu kukisema kwa sauti: uzito wa baba ulikuwa unatoka begani mwangu kidogo kidogo. Anasimama mwenyewe. Ananusa.

Asubuhi ya mwisho tulitoka katika ukungu, tukaiona milima ya Ngungu ng'ambo, kijani juu ya kijani, na moshi wa majiko. Baba akasimama. Akaketi juu ya jiwe, akavua vile viatu nilivyomnunulia, akaviweka kando ya njia sambamba kabisa, kama kwenye mlango wa mtu. Akakanyaga udongo mweusi. Akainama, akachukua kiganja kimoja, akakifinya, akakifungua.

"Mvua ilipita hapa," alisema.

Shangazi aliendelea kutembea ili tusione uso wake.

Shambani baba hakungoja kupumzika. Alichukua jembe la mama lililokuwa limeegeshwa ukutani mwa nyumba, akaanza kulima pale alipoanguka mkewe. Alishusha jembe mara chache, kisha akapiga magoti, akamwita mama kwa jina, akalia kama mvua ya mlimani, ile isiyoomba ruhusa. Nilitaka kwenda kumwinua. Shangazi akanishika mkono. "Acha. Udongo unamusikia." Alilia, akalima, akalia tena. Jioni alikula viazi vya kuchoma majivuni, akalala usingizi ambao sikuwahi kumwona nao Walikale.

Ningeweza kuishia hapa, nawe ungeondoka ukidhani nilijifunza. Sikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake nilifunga mzigo wangu. Baba alinikuta nikijiandaa.

"Kaa kidogo," aliniambia. "Tupande pamoja, weye na miye. Musimu moja tu."

"Papa, kazi inaningoya. Nitarudi musimu unaokuya."

"Hakuna neno. Nitakuachia tuta."

Nilicheka, nikambusu mkono, nikaondoka. Msimu uliofuata nilikuwa na kazi. Na uliofuata huo pia. Nilituma chumvi, nilituma nguo, nilituma salamu kwa madereva. Habari zilizonifikia ni kwamba mzee ana nguvu, anaimba kanisani, anawafundisha wajukuu wa jirani kupanda. Moyo wangu ukatulia, na moyo uliotulia ni mvivu.

Nilirudi Ngungu siku nilipoitwa kumzika.

Baada ya mazishi nilitembea shambani peke yangu. Maharagi yalikuwa yamefunika mlima wote, yamechanua maua meupe. Katikati, pale alipoangukia mama, kulikuwa na tuta moja lililolimwa vizuri, laini, bila magugu, na bila mbegu hata moja. Nikamwuliza shangazi kama mbegu zilimwishia.

"Ile ni yako," alisema. "Kila musimu anailima, anaiacha. Batu banamucheka, 'Mzee, unapoteza udongo.' Yeye anasema, 'Ile ni ya Bahati. Anakuya.'"

Alinipa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yalikuwa maharagi ya mbegu. Nilivua viatu, mwanangu. Nilipanda tuta lile nikiwa peke yangu, wakati wa kupanda ukiwa umepita, na kila shimo nililofukua kwa kidole nililitilia mbegu na chozi. Sehemu kubwa haikuzaa. Lakini nilipofika mwisho wa tuta niliweza kupumua, na nikaelewa kwamba hata akiwa kaburini baba alikuwa ameniwekea dawa yangu mahali nitakapoiona. Kazi ya Walikale niliiacha mwaka ule. Nimekaa hapa tangu wakati huo.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Huzuni ikikukalia, usiipeleke kwenye kiti. Vua viatu, shika jembe, ulime hata kipande kidogo nyuma ya jiko. Kilichokufunga kooni kitapata njia ya kushuka. Usimnyang'anye mzee wako jembe ukisema ni heshima. Mwulize kwanza mikono yake inataka nini. Na mzazi akikwambia "kaa, tupande pamoja," uache mzigo chini, ukae. Kazi itakungoja, na isipokungoja utapata nyingine. Majuto ni mjukuu, husema wahenga. Wangu nimemlea hadi amezeeka pamoja nami.

Mungu akupe udongo unaokujua jina. Mvua ikukute umeshapanda. Na popote utakapokwenda, awepo mtu anayekulimia tuta, nawe ufike mapema, maharagi yakiwa bado katika maua.