Makoti Yaliyobaki Kabatini

Saa saba kasorobo mchana, Jumatano, mkono wa Mwanakombo uko ndani ya kola ya mtoto.

Hamuulizi kama anasikia baridi. Anapitisha vidole viwili chini ya skafu, nyuma ya shingo, anavituliza hapo kidogo, kisha anasema "pita" au "subiri pale". Viganja vya watoto haviamini hata kidogo.

"Mikono inadanganya," anasema. "Imetoka kushika radiateur sasa hivi, hiyo chuma ya moto ukutani. Shingo haidanganyi."

Nje ya kituo hiki cha watoto, Molenbeek, mjini Brussels, imeganda. Mfereji una barafu tangu kabla ya mwaka mpya, na mashua za mizigo zimesimama pale pale baridi ilipozikuta. Ni Januari 1997, siku mbili kabla ya Ramadhani. Ndani, watoto kumi na wanne, wengi wao wa familia za Burundi na Kongo, wamejipanga ukutani. Wanasubiri kupanda tramu kwenda kuteleza kwenye theluji katika bustani moja ya Jette.

Foleni inakwama anapofika Bienaimé, mvulana wa miaka saba. Amevaa suti ya rangi ya maziwa, shati jeupe, tai ya kipepeo, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka taa ya dari inaonekana ndani yake. Koti hana.

Mwanakombo anaitazama suti. Kisha anamtazama mama wa mtoto, Régine, aliyesimama nyuma na kamera mkononi.

"Mama Bienaimé, koti liko wapi?"

"Iko nyumbani, maman. Iko mu armoire."

"Kabatini linafanya nini? Linaota moto?"

Watoto wanacheka. Mwanakombo hacheki. Anafumba macho, anavuta pumzi, anayafumbua, na suti bado ipo.

Huu ni msimu wake wa tatu wa kuwatoa watoto nje wakati wa baridi, na anasema kila msimu umemzeesha miaka miwili. Ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akafika Ubelgiji mwanzoni mwa 1994 na watoto wawili, baada ya mji wake kuwaka. Kazi ya kwanza aliipata Anderlecht, katika nyumba ya kufulia nguo. Wenzake waliokuwa wakingoja basi alfajiri ndio waliomwonyesha kuvaa mfuko wa mkate juu ya soksi na kutandika gazeti ndani ya kiatu.

Sasa anaangalia watoto baada ya shule na Jumatano mchana, nusu ya muda, kwa faranga elfu ishirini na nane kwa mwezi. Hayo ya mshahara anayataja haraka na kuyaacha. Kinachomkera ni makoti.

"Si kwamba hawana," anasema. "Wanayo. Mazuri kuliko langu. Lakini koti zuri ni la kanisani, ni la arusi, linakaa ndani ya plastiki. Siku mutoto anatoka kucheza, anavalishwa ili aonekane. Bon, aonekane na nani? Na bata?"

Wazazi wana sababu yao, na ukiwasikiliza si sababu ndogo. Siku ya kutoka na mtoto ni siku ya picha. Picha inaingia kwenye bahasha, bahasha inapewa msafiri, na huko nyumbani inapita mikono mingi. Koti linafunika kila kitu. Mtoto mwenye koti, kofia na skafu anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana kwa Tasnim, ambaye leo ana miaka tisa. Alikuja amevaa viatu vya kumetameta na glavu za lesi, Mwanakombo akamwonea huruma, akampitisha. Jioni Tasnim hakuzisikia tena ncha za vidole vya miguu. Daktari alisema apumzike siku mbili, hakukuwa na madhara.

Baba yake, Abdul-Aziz, ana duka la vyakula mtaa wa pili. Hakupandisha sauti. Alikuja kwenye kikao cha kamati ya wazazi, akavua kofia, akauliza swali moja: "Mutoto wangu, nani alimuona mlangoni?"

Aliyemwona ni Mwanakombo, na alisema hivyo mbele ya wote.

Kamati iliamua kwamba msimu huu kituo kitoke kwanza mara moja tu, kwa majaribio. Akirudi mtoto hata mmoja ameumia kwa baridi, matembezi ya msimu huu yamekwisha, na watoto watakaa ndani na televisheni kila Jumatano mpaka Machi. Abdul-Aziz alikubali kuwapokea mlangoni yeye mwenyewe. Leo, saa kumi na moja jioni, atakuwa pale.

"Hawa watoto wanakaa ghorofa ya sita," anasema Mwanakombo. "Theluji wanaiangalia dirishani kama filimu. Kama ni kuangalia tu, si tungebaki Buyenzi na kuletewa kadi?"

Ndiyo maana Bienaimé hapiti.

"Anavaa koti la hapa kituoni, au anabaki," anamwambia Régine.

"Maman Mwanakombo, acha niseme."

"Sema."

Régine ana miaka thelathini hivi, anatoka Bukavu, na anafanya usafi katika hospitali kubwa ya Jette. Leo ameomba ruhusa ili asaidie kusindikiza watoto. Anashusha sauti ili mtoto asisikie. Mama yake mzazi alikimbia Bukavu vita vilipoingia mjini Oktoba iliyopita. Kwa wiki nyingi hakuna aliyejua yuko wapi. Kabla ya Noeli habari ikaja: yuko hai, yuko Uvira kwa ndugu. Jumamosi kuna mtu anayesafiri upande ule na amekubali kubeba picha.

"Mama ameona mambo," anasema Régine. "Alors, mimi nimutumie photo ya mutoto amefungwa-fungwa kama mugonjwa? Atasema na huku tunateseka. Nataka aone theluji, aone costume, alale usingizi."

Mwanakombo anatazama kamera iliyo mkononi mwa Régine. Mlangoni watoto wanaanza kusukumana.

"Nimekusikia," anasema mwishoni. "Pole sana. Lakini bado hapiti."

Anaelekeza kidole kwenye sufuria ya maandazi iliyo juu ya meza, imezungushiwa blanketi la sufi na kufungwa kamba, pembeni yake chupa mbili za chai ya maziwa na tangawizi.

"Angalia hiyo sufuria. Imevaa kuliko mutoto wako."

Régine anageuka upande, lakini mabega yake yanaonyesha kwamba amecheka.

Mwanakombo anapiga magoti mbele ya Bienaimé ili amfungue tai. Hapo ndipo anapoona mikono ya suti imekunjwa kwa ndani na kushonwa nyuzi chache. Anashika kiuno. Kuna pini mbili nyuma.

"Hii umenunua ya miaka ngapi?"

"Ya dix ans," anasema Régine. "Ivae Pasaka, ivae na mwaka kesho."

"Ya miaka kumi. Na mutoto ana saba." Mwanakombo anachomoa pini, moja baada ya nyingine, na kuzibana mdomoni. Suti inafunguka kama hema. "Donc humu ndani kuna nafasi ya watu wawili. Na mimi nagombana hapa bure."

Analeta sanduku lake. Ni nguo ambazo majirani wametoa: sweta, kofia, glavu zilizopoteza wenzake, ambazo ameziunganisha kwa kamba ndefu inayopita ndani ya mikono ya koti ili zisidondoke. Sweta ya kwanza inaingia juu ya shati, na ya pili juu ya hiyo. Kisha anatoa soksi ndefu za sufi zinazopanda mpaka kiunoni.

Bienaimé anarudi nyuma. "Sivai collant. Ni ya wasichana."

"Polisi wa hapa wanavaa," anasema Mwanakombo. "Nilikuwa naziosha mimi."

"Uongo."

"Muulize Tasnim."

Tasnim, ambaye leo baba yake amemvisha nguo nyingi kiasi kwamba mikono haishuki, anatikisa kichwa kukubali, kwa uzito wa mtu aliyepitia mengi. "Vaa tu," anasema. "Vidole vikilala, kuamka kwake kunauma."

Bienaimé anavaa. Viatu vinavyong'aa vinaingia kwenye mkoba wa Régine, na miguuni anapewa buti zenye gazeti ndani. Makubaliano yanafanyika pale pale, bila furaha kwa upande wowote: koti la kituo litavaliwa njiani na wakati wa kucheza. Litavuliwa kwa picha moja tu. Viatu vitavaliwa kwa picha hiyo hiyo, na mtoto atasimama juu ya kipande cha katoni, si juu ya theluji.

"Moja," anasema Mwanakombo.

"Mbili, maman. Kama ya kwanza amefunga macho?"

"Mwambie asifunge."

Anachota mafuta ya mgando, anampaka mtoto mashavuni na puani, anaingiza vidole viwili shingoni, anangoja.

"Pita."

Jette kuna mteremko mfupi unaoishia kwenye nyasi. Watoto wanateleza juu ya magunia ya plastiki na mifuniko ya ndoo, wanapanda kwa miguu, wanateleza tena. Kila wanapofika juu Mwanakombo anawashika shingo. Wengine wameanza kuinamisha kichwa kabla hajawafikia. Wanaosimama bila kucheza anawafukuza washuke tena, kwa sababu aliyesimama ndiye anayepoa. Maandazi yanatoka yangali na moto, na mtoto mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akipita na mama yake anapewa lake bila kuulizwa.

Kisha inafika zamu ya picha. Katoni inatandikwa. Koti linavuliwa, buti zinavuliwa, viatu vinavaliwa. Bienaimé anasimama mbele ya mti mweupe, suti imefungwa vifungo vyote, imemjaa mwilini kama puto. Hata mashavu yanang'aa kwa mafuta.

Régine anaangalia ndani ya kamera, anaishusha, anaangalia tena.

"Amenenepa," anasema.

"Haraka," anasema Mwanakombo.

"Maman, angalia. Amenenepa. Mama ataona hii, atasema: eh, mutoto huyu anakula." Anapiga picha. Bienaimé hakufunga macho, lakini anapiga ya pili, na Mwanakombo anajifanya anahesabu vikombe.

Baada ya mtoto kurudishiwa koti lake, Régine anawapanga wote kwa picha ya pamoja. Mwanakombo anaitwa katikati. Anafunga mtandio vizuri, anasogea, na Régine, aliyechuchumaa ili wote waenee, anainua uso polepole kutoka kwenye kamera.

"Maman Mwanakombo. Na hivyo viatu?"

"Viatu gani?"

"Hivyo vya arusi."

Watoto wote wanatazama chini. Ni viatu vya ngozi nyekundu iliyokolea, vyenye kisigino kifupi, vilivyo wazi juu. Theluji imeingia pande zote. Mwanakombo anavitazama kama vile amewekewa na mtu mwingine.

"Nilijua kutakuwa na picha," anasema.

Tasnim anamwendea, anainuka kwa ncha za miguu kadiri makoti yake yanavyomruhusu, na kumwingiza vidole viwili shingoni. Anangoja.

"Subiri pale," anasema.

Saa kumi na moja giza linaingia, na Abdul-Aziz amesimama mlangoni kama alivyoahidi. Anamvua kila mtoto glavu na kuangalia vidole. Anauliza, "Miguu?" na kila mtoto anaikanyagisha sakafuni kwa nguvu, mpaka sakafu nzima inatetemeka. Anapofika kwa Bienaimé anamfungua koti, anakuta suti, anafungua suti, anakuta sweta, anafungua sweta, anakuta sweta. Anaacha hapo.

Watoto wote kumi na wanne ni wazima.

Wa mwisho kuingia ni Mwanakombo, ameshika mkono wa Régine, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Abdul-Aziz anatazama viatu vyekundu, kisha anawatazama watoto.

"Na huyu," anauliza, "nani alimuona mlangoni?"

Watoto kadhaa wanaangalia dari.

Ni Abdul-Aziz anayeenda kuleta beseni la maji ya uvuguvugu. Anasema atawaambia wazazi wenzake kwamba matembezi yaendelee, na kwamba kuanzia wiki ijayo mkaguzi atakaguliwa wa kwanza. Mwanakombo ameketi kwenye kiti cha watoto, miguu majini, na inaonekana vidole vinaanza kuamka, kwa sababu anauma mdomo.

Ana mpango. Mwaka huu, Novemba, kabla ya baridi kali, anataka Jumatano moja iwe siku ya picha, humu humu ukumbini, heater ikiwaka. Suti zije zote, na tai, na lesi, na viatu vinavyong'aa. Régine atapiga. Mti watauleta ndani. Kisha picha zitumwe, nguo zirudi kwenye plastiki, na theluji ikianguka kabatini kusibaki koti hata moja.

"Nitavaa hivi viatu siku hiyo," anasema, akivitazama vinavyodondosha maji chini ya radiateur. "Siku hiyo tu."

Kisha anamwita Tasnim amletee lile sanduku, aone kama kuna buti za mtu mzima.