Kutoka Mbotela Kwenda Kuona Kama Wanaandika

Sababu ya safari hii ni simu ya dada yangu Mwende. Nyinyi mlio nyumbani mnamjua: ndiye aliyekuwa akishona mikono ya mashati katika kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, mpaka biashara ilipodorora na watu wa zamu yake wote wakaambiwa wapumzike kwanza. Alirudi Machakos kupumzika. Mwaka ukapita akiwa bado anapumzika.

Sasa alinipigia akiwa amesimama kwenye kilima cha kanisa, mahali pekee penye mtandao.

"Mutua, kuna mtu anakuja leo saa nane kuchukua cherehani yangu. Amenisumbua sana, nimechoka, nataka nimuuzie. Nikiuza basi, ushonaji nimewacha, nitalima na Mama. Lakini nasikia huko wameanza kuandika tena. Ni kweli?"

"Nasikia pia," nikasema.

"Sitaki unasikia. Nenda uone na macho. Saa sita nitakuwa hapa kanisani nangoja. Ukisema wanaandika, simuuzii, na usiku huohuo napanda gari."

Mnakumbuka kwamba huku kwetu mtu haajiriwi; anaandikwa. Kiwanda kikitaka watu, tunasema wanaandika. Basi kazi niliyopewa ilikuwa rahisi kabisa: kutembea mpaka getini, kuangalia, kupiga simu. Lakini mimi nilisomea uchumi chuo kikuu, na tangu nihitimu sina kazi nyingine ila kufikiri, kwa hiyo hakuna lililo rahisi kwangu. Je, nikimwambia aje na kumbe hakuna kitu? Je, nikimwambia auze na kumbe kesho yake wanaandika? Nilikunywa chai ikanichoma ulimi, nikavaa viatu, nikavua, nikabadilisha soksi.

"Unaenda kuona geti au unaenda kuoa?" akauliza Shangazi Ndunge, ninayekaa kwake hapa mtaani Mbotela.

"Shangazi, hili ni jambo zito."

"Zito ni wewe. Toka."

Nje ya nyumba, hatua chache tu kutoka mlangoni, nilikutana na dalili ya kwanza. Mama Akinyi, anayekaanga mandazi kwenye kona yetu, alikuwa amewasha majiko mawili. Katika ule mwaka mbaya alikuwa na jiko moja, na hilo lenyewe alilizima mapema. Nikaharakisha kumfikia. Kisha nikajiuliza: labda watu wanakula mandazi kwa sababu mkate umewashinda? Hapo majiko mawili yangekuwa dalili ya msiba.

"Mama Akinyi, wateja wameongezeka?"

"Wameongezeka, na wana haraka. Zamani walikuwa wanasimama hapa wananihadithia shida zao mpaka mafuta yapoe. Siku hizi ni 'Mama funga, nimechelewa.' Sasa wewe unanunua ama unanihoji?"

Nikanunua. Mtu anayesema amechelewa ana mahali pa kuchelewa kufika! Nilitembea nikitafuna na kucheka peke yangu, na mtoto mmoja akamshika mamake mkono.

Njiani kuelekea reli niliipa Jogoo Road mgongo nikaingia kwenye msururu wa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu. Msururu huu ni mto wetu wa asubuhi, na katika ule mwaka mbaya ulikuwa umekauka. Ungeweza kutembea ukinyoosha mikono bila kumgusa mtu. Sasa nilikanyagwa. Nilikanyagwa mara kadhaa na viatu vizito vya kazi, na kila mara nilimshukuru aliyenikanyaga.

"Pole, bro," akasema mmoja.

"Hapana, asante!"

Akaniangalia vibaya akaongeza mwendo.

Kando ya njia, fundi mmoja wa cherehani alikuwa ametundika maovaroli ya buluu kwenye uzi. Maovaroli! Nguo ya mtu ambaye ana kazi au anatarajia kuipata leo. Nikataka kusimama nimuulize kama anauza au ni yaleyale yaliyokosa wanunuzi tangu zamani, nikaangalia kama yana vumbi, nikaona hayana, nikaogopa kwamba huenda ameyapangusa asubuhi hii. Alinikazia macho na futi yake shingoni. "Wewe, shika ukinunua. Usinuse." Nikaendelea na safari.

Kwenye reli watu husimama kidogo kusikiliza kama treni inakuja. Hapo nilisikia wanawake wawili mbele yangu wakizozana kuhusu nani atamchukua mtoto shuleni, maana wote wawili sasa wanatoka kazini jioni. Walikuwa wamekasirika kweli. Kwangu mimi ilikuwa kama kusikiliza kwaya ikiimba. Nilivuka reli nikiruka vyuma kama mbuzi.

Lakini karibu na kiwanda nilianza kupunguza mwendo. Dalili za njiani ni za njiani. Dada yangu hakuniuliza kuhusu mandazi.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti. Lilikuwa limefungwa. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa na kunizuia nisione vizuri, lakini kati yao nilimwona mwanamume mwenye umri wa baba yangu amepanda ngazi juu ya geti, mgongo wake kwangu, koti jeupe la kazi likifunika kila kitu mbele yake. Nikadhani ni mtu wa kiwanda anayetengeneza taa. Kulikuwa na kelele za magari, nikapaza sauti:

"Mzee! Mnaandika?"

Akageuza shingo. "Eeh! Tunaandika!"

"Leo?"

"Tangu asubuhi! Na kesho tunarudi!"

Sikusubiri neno la tatu. Ilikuwa inakaribia saa sita. Nilipiga simu papo hapo.

"Mwende! Wanaandika! Tangu asubuhi mpaka kesho!"

Nikasikia ukelele, kisha Mama, ambaye kumbe alikuwa kilimani pia, akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Namwambia huyo mtu akatafute cherehani kwingine!" akasema Mwende. "Napanda gari leo usiku!" Wakakata. Niliwawazia wakiteremka kilima, mbali na mtandao, wakishikana mikono.

Hapo ndipo mzee aliposhuka kwenye ngazi, na lori moja likaondoka.

Juu ya geti kulikuwa na bango jeupe. Ndani yake, kwa herufi nyekundu mbichi zilizong'aa, kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, paliandikwa: HAKUNA KAZI.

Nilivuka barabara bila kuangalia. Nilimkuta mzee amekaa juu ya ndoo, akifungua karatasi yenye mandazi. Brashi ilikuwa kwenye mkebe kando yake.

"Mzee, si umesema mnaandika?"

"Sasa hii ni nini, nachora?" Akaonyesha bango kwa andazi. "Mimi ndiye Wafula. Hizi herufi zote unaziona barabara hii ni zangu."

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani, na mtu wa cherehani anaambiwa aende zake. Nikamwona dada yangu akishuka kwenye basi alfajiri na begi lake, akisimama pale nilipokuwa nimesimama, akisoma nilichokisoma.

Wakati huohuo kundi la watu waliokuwa wakija na barabara likafika. Wakainua macho. Mama mmoja aliyebeba pochi chini ya kwapa akasema, "Aki! Si jana waliandika watu?" Kijana mmoja akatema mate: "Wametubeba ufala, wanatuona wajinga. Twendeni." Wakageuka. Wengine waliokuwa nyuma hawakuhitaji hata kusoma. Walizisoma nyuso za wa mbele, wakageuka pia.

"Mzee Wafula," nikasema, karibu nilie, "hakuna kazi kweli?"

"Tulia, kijana. Huoni kuna nafasi chini? Bango ni mistari miwili. Mstari wa juu lazima ukauke kwanza, nikipanda sasa mkono wangu utaufuta. Ndiyo nakunywa chai."

"Mstari wa chini unasema nini?"

Akatafuna. Nataka mjue kwamba alitafuna polepole, akameza, akapuliza chai, akanywa, akajipangusa ndevu.

"Ya kuuzwa."

"Nini ya kuuzwa?"

"Hakuna kazi. Ya kuuzwa. Mabroka wamerudi hapa getini, wanawadanganya watu eti nafasi zinalipiwa. Kiwanda kinataka watu wajue kuandikwa ni bure. Mwaka uleule mbaya sikuwa na kibarua hata kimoja cha bango kama hili. Nani atauza kazi na hakuna?"

Ndugu zangu, sijawahi kufurahi hivyo kusikia kwamba mji una matapeli. Nilisoma miaka minne kuhusu namna ya kujua kama uchumi umeinuka, na hakuna mwalimu aliyenitajia mabroka. Lakini ni nani anayemjua mwenye shida ya kazi na mwenye kazi ya kutoa vizuri kuliko broka? Yeye hakai mahali pasipo na kitu. Nilimkumbatia Mzee Wafula na chai yake ikamwagika.

Kisha nikakumbuka wale watu. Walikuwa wameshafika karibu na kona.

"Rudini!" nikapiga kelele nikikimbia. "Rudini! Kazi zipo! Bango halijaisha!"

Wakasimama. Yule kijana akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi.

"Zipo, eh? Na wewe unazijua? Ngapi?"

"Sijui ngapi, lakini..."

"Namaanisha bei. Sema bei yako, broka."

"Mimi si broka!"

"Huyu ndiye yeye!" akasema mama mwenye pochi. "Ona vile amevaa soksi safi. Kijana kama wewe, hata huoni haya kutuibia?"

Nikaanza kueleza mambo ya rangi kukauka. Jaribuni siku moja kuwaeleza watu wenye njaa kwamba rangi haijakauka. Walikuwa wamenizunguka, na mmoja alishanishika kola, geti lilipofunguka kwa kishindo akatoka soja, mlinzi wa kiwanda, mtu mrefu mwenye kofia na rungu.

"Leo watu wako wapi? Supavaisa anataka watu wa mashine na wasaidizi, na huku hakuna hata..." Akafuata macho yetu mpaka juu. Akasoma. Akamgeukia mzee kwenye ndoo. "Wafula! Umenifukuzia watu wote!"

"Haijakauka," akasema Mzee Wafula.

"Ikauke ikauke, utakuta kiwanda kimefungwa! Panda!"

Soja akavua koti lake la mvua, akapanda ngazi akalining'iniza mbele ya neno HAKUNA bila kugusa rangi, likabaki KAZI peke yake. Sijui kama alikusudia. Watu walicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia barabara hiyo kwa muda mrefu, kola yangu ikaachiwa, na yule mama akanipangusa bega kana kwamba vumbi ndilo lililonikosea. "Pole, mwanangu. Uso wako tu una wasiwasi kama wa mwizi." Waliingia wakisukumana.

"Kesho pia mnaandika?" nikamuuliza soja. "Si herufi. Watu."

"Watu. Wa mashine hasa. Waje mapema."

Safari ya kurudi niliifanya nikiwa sikanyagi chini. Niliwasalimu wasionijua. Nilifika kwenye reli nikasimama kusikiliza treni, na katika ule ukimya kidogo fikra moja ikanijia, fikra ambayo ubongo wangu wote, unaofikiri usiku na mchana, ulikuwa haujaifikiria.

Mimi pia sina kazi.

Nilikuwa nimekwenda mpaka kwenye geti lililo wazi, nikawarudisha watu wasiopungua basi zima, nikaagana na soja kwa mkono, nikaja zangu nyumbani!

Niligeuka nikakimbia. Nilipofika, koti la soja lilikuwa bado juu ya bango, na Mzee Wafula alikuwa kwenye YA.

"Umesahau nini?" akauliza soja.

"Kuandikwa."

"Hata wewe? Si walisema wewe ni broka?" Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mashine unajua?"

"Sijui. Lakini naweza kubeba."

"Jina?"

Nililitaja kwa sauti kubwa mno. Nimeandikwa msaidizi: nabeba mikono na kola zilizokatwa kutoka meza moja hadi nyingine. Shahada yangu iko chini ya godoro kwa Shangazi, haina neno. Shangazi aliposikia alisema, "Na bila tai?" kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji, akatoka na macho mekundu akilaumu moshi wa stovu.

Alfajiri Mwende alishuka kwenye gari. Nikampeleka kwa njia ileile: majiko mawili, maovaroli, reli, viatu vya watu. Sikumwambia lolote kuhusu bango. Alisimama mbele ya geti akasoma yote, HAKUNA KAZI YA KUUZWA, akasema, "Vizuri, maana sina pesa ya kununua," akaingia. Supavaisa alimpa mkono wa shati aushone mbele yake. Niliangalia nikiwa nimebeba furushi la kola. Kabla sijajua niwe na wasiwasi gani, alikuwa amemaliza, ameukata uzi kwa meno, na anauliza unawekwa wapi.

Mlitaka kujua kama kazi zimerudi huku. Zimerudi, si kwa wote, na si zile tulizozisomea, lakini njooni. Nilichojifunza ni hiki: ukifika na kukuta bango linakukatisha tamaa, angalia kwanza kama fundi amemaliza chai yake.