Kondoo Aliyefiwa Haendi Mnadani

Shauri lile zima lilinigharimu kibuyu kimoja cha mtama, bonge la chumvi ya Wembere, kaniki iliyochanika pindo, na maneno makali ya mama mkwe. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na bado naona nilinunua kwa bei nzuri.

Siku ninayoikumbuka ni ya enzi za Mwingereza, mvua zikielekea kwisha. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, akitafuta kodi. Mimi nilibaki Ilongero na mama yake, na kondoo jike mmoja. Kondoo huyo hakuwa wa boma la mume, alikuwa wangu. Baba alinipa nilipoolewa, akaniambia mwanamke asiye na kwato zake ataomba chumvi kwa jirani mpaka azeeke. Basi huyo mmoja ndiye aliyekuwa mali yangu yote, na asubuhi ile akazaa mwana mfu.

Nikafanya nililosikia wasichana wenzangu wakilisema: mfiche mama yake asimwone, asije akazoea kuzaa wafu. Kabla hajamlamba, nilikwisha kumfukia kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi. Kondoo akabaki anazunguka, anakwaruza ardhi, anatoa ile sauti ya chini ambayo huwaitia watoto tu.

Mchuuzi wa kupeleka mifugo mnadani akapita. Watu hao hunusa msiba kuliko fisi.

"Shemeji, huyo ana mkosi," akasema. "Nipe nikuondolee balaa. Nitakuachia jembe jipya."

"Lina mpini?"

"Halina."

"Basi unalotaka kuniachia ni chuma, bado si jembe. Ongeza."

Akaongeza mpini. Nikamwambia aongeze na chumvi, akaguna, akaongeza. Nilikuwa mtamu wa maneno siku zile, nikajiona nimemkamua kweli kweli. Kamba ilikuwa tayari mkononi mwa mchuuzi, mama mkwe alipotoka ndani ya tembe. Mchuuzi akamwamkia shikamoo, akaitikia bila kumtazama. Alinitazama mimi.

"Kiwele chake umekishika?"

"Hapana, mama."

"Kondo la nyuma limetoka?"

"Sijaangalia."

"Na mwana yuko wapi?"

"Nimemzika."

"Hujui kilichomo tumboni, hujui kilichomo kiweleni, lakini bei unaijua." Akaichukua kamba. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu umemnyima hata kumnusa wake. Kafukue."

Mchuuzi akacheka, akasema yeye atangoja kivulini.

"Ngoja, baba," mama mkwe akamjibu. "Kivuli hatukiuzi."

Nikafukua. Hapo ndipo kaniki ilipochanika, maana lundo lilikuwa na miiba. Mama mkwe akamchuna yule mfu taratibu, ngozi ikatoka nzima kama fulana, na matundu ya miguu. Mimi nikapewa kazi ya kumhudumia mama mtu: maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha pumba laini za mtama kiganjani. Mgonjwa haulizwi uji. Kondo la nyuma lilikuwa bado linaning'inia, nikataka kulivuta. Akanipiga mkono. Likaanguka lenyewe jua lilipopanda, nasi tukalitupa mbali. Kiwele kilikuwa kigumu, cha moto. Akanionyesha kukikamua kidogo tu, cha kupunguza maumivu. Ukikikausha chote, unayaita maziwa mengine.

Kisha akanituma kwa mama Saidi, jirani yetu, ambaye kondoo wake alizaa pacha na maziwa yakamtosha mmoja. Wa pili, jike, alikuwa amelala tu, masikio baridi.

"Mchukue," akasema mama Saidi, "ila akiacha kunyonya unirudishie."

"Nikurudishie hizo kwato nne unazonipa, au na maziwa yangu pia?"

Tukavutana mpaka akacheka mwenyewe. Tukapatana hivi: yule abaki kwangu, uzao wake wa kwanza uende kwake, na kibuyu cha mtama juu.

Tukamvisha mtoto ile ngozi, tukamsogeza. Kondoo akamnusa kichwani, akampiga pembeni. Mchuuzi akasimama, akakung'uta nguo. Nikaona mali ya baba yangu inatoka mlangoni. Mama mkwe akamgeuza mtoto, mkia mbele. Kondoo akanusa tena, safari hii pale kwenye ngozi ya mwanawe. Akatulia. Akaanza kulamba, na ile sauti ya chini ikarudi.

Mchuuzi akabeba jembe lake, na mpini.

Mwanangu, yule mtoto wa kuazima alijaza zizi. Mama Saidi alipata chake, na wanangu wawili wameoa kwa uzao ule, nami sikuinamia chumvi ya mtu. Ndiyo maana nakwambia: aliyefiwa, awe wa zizini au wa nyumbani, usimfiche maiti yake, wala usikubali bei yake siku hiyo. Kwanza mpe maji. Mguse panapouma. Kisha tafuta aliye na njaa ya kile alichobaki nacho.

Mungu akupe zizi lenye kelele na mikono isiyo na pupa. Na ukimvisha mtoto ngozi ya mwenzake, siku hiyo hiyo njoo unieleze mama alimnusa wapi kwanza. Hayo ndiyo malipo yangu, na sipunguzi.